Wagagai mchana, Jackson jioni: uchambuzi wa kisa cha kilele cha pili

Kisa hiki kilitokea Mlima Elgon, upande wa Uganda, mwezi wa Januari: kundi moja lilipanda kilele cha Wagagai, kisha siku ile ile baadhi yao wakaenda kilele cha pili, Jackson, na wengine wakarudi kambi yao ya pangoni. Hakuna aliyekufa wala aliyevunjika mfupa. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi waliosikia habari zake, Mbale na ng'ambo ya mpaka kule Bungoma, waliishia hapo: wamerudi wote, basi. Mimi sikutosheka. Nimezungumza na wasafiri wote wanne, na kiongozi wao wa njia, na askari wa hifadhi aliyefuatana nao, nikamwuliza kila mmoja peke yake: saa fulani ulikuwa wapi, ulijua nini, ulisema nini. Wameniruhusu nieleze, mradi nisitaje majina.

Nilipoyapanga majibu yao pamoja niliona jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameliona akiwa peke yake. Wote waliojadili kama kilele cha pili kipandwe walipima nguvu na muda wa wale waliotaka kupanda. Hakuna aliyepima kitakachowapata wanaobaki. Na usiku ule, aliyekuwa katika hatari kubwa kuliko wote hakuwa kileleni. Alikuwa pangoni, amelala ubavu, anatapika.

Mlima na njia yake

Asiyeujua Elgon huenda akaudhania ni koni moja yenye kilele kimoja. Sivyo. Ni volkano kuukuu iliyozimika, kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, na juu kumebaki kaldera, yaani shimo pana la volkano, lililozungukwa na ukingo uliomomonyoka. Vilele vyake ni vipande vya ukingo huo. Wagagai, mita 4,321, ndicho kirefu kuliko vyote. Sudek, mita 4,302, kiko mpakani. Koitobos, mita 4,222, kiko Kenya. Jackson, mita 4,165, kiko Uganda, si mbali na njia ya kwendea Wagagai. Wamasaba, ambao wengi tumezoea kuwaita Wagisu, huuita mlima wote Masaba. Jina la Jackson ni la Frederick Jackson, Mwingereza aliyepita huku mwaka 1890 na baadaye akawa gavana wa Uganda.

Njia ya Sasa huanzia Budadiri, kwenye kimo cha mita 1,250. Hupita katikati ya migomba na mibuni, hupanda magenge ya Mudangi kwa ngazi, kisha huingia msitu wa mianzi, ule ule unaowapa watu wa huku malewa yao, machipukizi ya mianzi ya kuliwa. Usiku wa kwanza hulaliwa kambi ya Mto Sasa, mita 2,900. Siku ya pili ni fupi, hadi Pango la Mude, mita 3,500. Siku ya tatu ndiyo ya Wagagai: unapanda, unageuka, unarudi kulala Mude.

Kati ya Mude na Wagagai pana dimbwi dogo, Dimbwi la Jackson. Hapo njia hugawanyika. Moja inaendelea Wagagai, nyingine inakatiza bonde na kupanda kwa ukali hadi kilele cha Jackson. Kwa hiyo kila atokaye Wagagai hupita tena mahali hapo alasiri, amechoka lakini moyo umejaa furaha, na mbele yake kimesimama kilele kingine kinachoonekana karibu.

Ukaribu huo ni wa kudanganya, na ningependa kila apandaye huku ajue kwa nini. Hewa ya juu haina vumbi wala moshi, hivyo mwamba ulio mbali huonekana wazi na mistari yake yote. Tena hakuna miti ya kawaida ya kupimia ukubwa. Macho huona senesio na lobelia yakadhani ni vichaka vya kufika magotini, kumbe ni mimea mirefu kuliko mtu. Ukikosea kimo cha mmea, umekosea na kimo cha mteremko wote ulio nyuma yake.

Watu wenyewe

Walikuwa wanne. Mwalimu wa sekondari kutoka Bungoma, mkimbiaji, ambaye nyumbani kwake huuona mlima huu kila asubuhi isiyo na mawingu. Dereva wa malori akaaye Malaba, rafiki yake tangu shule. Karani wa Tororo, mama wa watoto wawili, ndiye aliyeipanga safari. Na binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa dada yake karani, mwanafunzi wa chuo huko Mbale. Gharama za binti zililipwa na mama yake mdogo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote. Binti alimwita mwalimu kwa cheo chake na dereva alimwita mjomba. Nayaeleza haya kwa sababu yanaingia katika uamuzi wenyewe.

Kiongozi wa njia alikuwa Mgisu wa makamo, mzaliwa wa karibu na Budadiri, ambaye wote walimwita mzee. Askari wa hifadhi, mwenye bunduki yake, walimwita afande, kama ilivyo desturi ya Uganda kwa kila avaaye sare. Wapagazi wawili walibaki Mude siku ya kilele.

Walikuwa wamekubaliana kuondoka pangoni saa 11 alfajiri. Waliondoka saa 12:30, kwa sababu jiko lilisumbua na uji ukachelewa. Saa nzima na nusu ilipotea kabla ya hatua ya kwanza, na tangu hapo hakuna aliyeitaja tena. Naona hapa ndipo kisa kinapoanzia. Ukichelewa asubuhi, muda huo utakatwa jioni, lakini mwili hausikii hivyo, maana unapoanza kutembea unajiona mpya hata kama saa imekwenda.

Walifika Wagagai saa 6 mchana. Jua lilikuwa linawaka, Kenya yote inaonekana upande wa mashariki. Simu zilishika mtandao kidogo, mwalimu akampigia mkewe, dereva akapiga picha za kila upande. Walikaa karibu saa nzima. Binti alikuwa ameketi kando ya jiwe. Karani alimpa biskuti, akaishika mkononi bila kuila. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma tangu njiani, aliniambia mwenyewe, lakini alidhani ni jua.

Dimbwini, saa 8:45

Mazungumzo ya dimbwini hayakufika dakika tano. Nimeyakusanya kutoka kwa wote, na hawatofautiani sana.

Mwalimu alianza. "Mzee, Jackson si hapo tu? Muda upo?"

Kiongozi aliangalia jua. "Muda upo, mwalimu. Saa moja na nusu, kwenda na kurudi, kama nguvu mnazo."

"Nguvu zipo," akajibu dereva.

Karani akasema, "Mimi magoti yamekwisha. Nendeni ninyi, sisi tutashuka polepole." Akamgeukia binti. "Wewe je, mwanangu? Kichwa bado?"

"Kinauma kidogo tu, mama. Niko sawa."

"Afande, wewe waonaje?"

"Mimi nafuata mzee atakavyosema."

Wakaachana hapo. Kiongozi, mwalimu na dereva wakashika njia ya Jackson. Afande, karani na binti wakashuka kuelekea Mude. Mfuko wa dawa ulikuwa katika begi la kiongozi, ukaenda naye.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na sioni mjinga hata mmoja ndani yake. Kila mmoja alisema la busara kwa upande wake. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kuliko visa vya watu waliopanda wamelewa au wamevaa ndala.

Tuanze na muda. Saa moja na nusu ya kiongozi ilikuwa kweli tupu kwa miguu yake yeye, asubuhi, kukiwa kukavu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwapa wapanda milima kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya mtu mwenye afya, katika vilima vya Scotland, ambako kilele kirefu kabisa hakifiki hata nusu ya kimo cha Mude. Kwenye mita 4,000 na zaidi, shinikizo la hewa limebaki kama asilimia 60 ya lile la pwani, au zaidi ya hapo kidogo, na oksijeni ya kila pumzi hupungua kwa uwiano huo huo. Basi hesabu ya kilimani kwa Naismith ni ndogo mno kwa Elgon, na hesabu ya kiongozi wa Budadiri ni ndogo mno kwa mgeni aliyekwisha kutembea tangu alfajiri.

Hata hivyo, tuikubali hesabu yake ilivyo. Kutoka dimbwini saa 8:45, kurudi dimbwini saa 10:15, halafu saa mbili za kushuka hadi Mude: saa 12:15 jioni. Januari jua huzama upande huu wa Uganda saa 1 kasoro dakika chache. Akiba ilikuwa kama dakika arobaini, nayo ilitegemea kila kitu kiende sawa: pasiwe na ukungu, mvua wala mguu ulioteleza. Na huku karibu na ikweta machweo hayakawii. Jua likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Mtu aliyezoea kusoma habari za milima ya Ulaya, ambako jioni ya kiangazi huendelea mpaka usiku, asije akaileta hesabu hiyo hapa.

Ipo pia hali ya hewa. Asubuhi ya Elgon mara nyingi huwa safi, na hata nje ya msimu wa mvua, alasiri mawingu hupanda kutoka bondeni. Saa 8:45 wakiwa dimbwini anga ilikuwa bado bluu, na kwa mwalimu hiyo ilikuwa hoja ya kwenda. Kwa saa ile, ingekuwa hoja ya kushuka wakati bado ni bluu.

Kuhusu nguvu, dereva hakusema uongo. Alijisikia na nguvu kwa sababu walikuwa wameshuka, na kushuka hakuchoshi mapafu. Kunachosha mapaja. Msuli wa mbele wa paja unapozuia mwili usiporomoke hufanya kazi huku unarefuka, na kazi ya namna hiyo huuchana kidogo kidogo bila maumivu makubwa wakati huo. Unakuja kujua unapotaka kushuka tena. Walikuwa wameshatelemka kutoka Wagagai, na mbele yao kulikuwa na mteremko wa Jackson, kisha wa kurudi Mude.

Sasa nije kwenye maneno mawili yaliyoamua usiku ule, na yote mawili yalitoka upande wa wale waliokuwa wanarudi kambini.

"Nendeni ninyi, sisi tutashuka polepole." Ndivyo tulivyolelewa. Aliyechoka hapendi kuwa mzigo, huwaruhusu wenzake kabla hawajaomba. Karani alisema hivyo kwa upendo. Lakini sentensi ile ilizigawa roho sita katika makundi mawili, huku mtu mwenye ujuzi akiwa mmoja. Laiti angesema tu "mimi nimechoka" akanyamaza, kiongozi angelazimika kufikiri afanye nini naye. Ruhusa ilipotolewa, hakuna aliyefikiri tena.

Na "kidogo tu." Binti aliulizwa mbele ya mwalimu, mbele ya mtu anayemwita mjomba, mbele ya mzee na mbele ya mwenye bunduki. Aliyemuuliza ndiye aliyemlipia. Angejibu nini? Nilipomuuliza miezi baadaye alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Niliona nikisema kinauma sana, watakosa kupanda kwa ajili yangu." Mtoto aliyelelewa vizuri atajibu hivyo mara kumi kati ya kumi. Basi jibu hilo halina thamani ya kitabibu, na mtu mzima anayeuliza anapaswa kulijua hilo. Angeulizwa pembeni na kiongozi peke yake, tena si kama kichwa kinauma bali chakula cha mwisho alikula lini na mara ya mwisho alikojoa lini, ukweli ungejitokeza. Hakuwa amekula tangu uji wa asubuhi, na maji yake yalikuwa karibu yote kwenye chupa.

Kilichotokea Jackson

Hapa sitakaa sana. Ukungu uliwakuta kabla ya kilele. Walifika juu saa 10:10, hawakuona kitu, na mvua ya mawe ikaanza. Kiongozi aliwashusha mara moja, na alifanya vizuri, maana ukingo ulio wazi si mahali pa kusimama radi inapokaribia. Kwenye majani marefu yaliyolowa dereva aliteleza, kifundo cha mguu kikateguka. Walirejea dimbwini saa 11:30. Giza liliwakuta njiani. Tochi ya dereva ilikuwa kambini, hivyo walitembea watatu kwa tochi mbili, dereva katikati, mkono begani mwa mwalimu. Waliingia Mude karibu saa 3 usiku.

Wao wenyewe wanakieleza kipande hiki kama kisa chote. Mwalimu hukieleza vizuri sana, na watu humsikiliza.

Kilichotokea Mude

Binti alifika pangoni saa 11:10 jioni akiwa anasimama kila baada ya hatua chache. Afande alimtandikia, karani akampa chai ya sukari. Hapo palikuwa na dalili ambayo hakuna aliyeisoma. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa kimo, ule uletwao na uhaba wa oksijeni juu mlimani, akiwa mita 4,321, akishuka hadi 3,500, kwa kawaida huanza kupata nafuu. Yeye alizidi. Saa 12 alitapika chai. Baadaye akatapika tena, na akawa hataki kujibu akiulizwa.

Kanuni ya ugonjwa huu ni fupi na haina mjadala. Kichwa kikiuma kwenye kimo, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, uhesabu ni kimo mpaka ithibitike vinginevyo. Usipande zaidi. Hali ikizidi, shuka, na usingoje kuche. Dalili ya kuogopa kuliko zote ni mtu kuyumba au kuchanganyikiwa, maana huenda ubongo unavimba, na kuna kipimo chepesi kisichohitaji chombo: mwambie atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole kila hatua. Asipoweza, anashushwa saa ile ile, hata kwa kubebwa.

Kiongozi alikijua kipimo hicho. Afande hakukijua, karani hakukijua, wapagazi hawakukijua.

Mmoja wa wapagazi, kijana, alisema yuko tayari kumshusha hadi Sasa, ambako ni chini kwa mita 600, wakati bado kuna mwanga. Nadhani ndiye aliyeona sawasawa kuliko wote. Karani alikataa, akasema, "Tumngoje mzee." Afande naye akasema wamngoje mzee. Siwezi kumlaumu karani. Angemkabidhije mtoto wa dada yake kwa kijana asiyemjua vizuri, kwenda gizani, bila kauli ya anayejua?

Afande alinieleza hali yake kwa maneno ambayo sijayasahau. "Saa 12 nilikuwa na wagonjwa wa aina mbili. Mmoja ninamwona, watatu siwaoni. Nikipanda kuwatafuta, huyu nimwache na nani? Nikimshusha huyu, wale wakihitaji msaada nani atakwenda?" Alisimama mlangoni mwa pango kwa muda wa saa tatu bila kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kazi yake kwa haki ni usalama wa wageni dhidi ya wanyama na watu, si utabibu. Lakini alasiri ile, kwa neno "nafuata mzee," alikuwa amepokea uongozi wa kundi la pili bila mtu kumwambia kwamba amepewa.

Kiongozi alipofika, kabla hata ya kuvua koti lililolowa, alimwinua binti akamtembeza kwenye mstari kwa mwanga wa tochi. Alitembea, dhaifu lakini mnyoofu. Alimuuliza jina la chuo chake na siku ya wiki, akajibu. Basi kiongozi akaamua wasishuke gizani kwenye matope, akampa maji yenye sukari na chumvi kwa vijiko, na akamwamsha kila saa usiku kucha kurudia kipimo, wapagazi wakiwa wamevaa viatu tayari. Kulipopambazuka walimshusha. Kwenye mianzi aliomba mandazi, karani akalia.

Kipimo kile kinachukua dakika moja. Kilicheleweshwa kwa saa tatu, kwa sababu aliyekijua alikuwa kwenye kilele cha pili. Jibu lingekuwa tofauti, saa tatu hizo ndizo zingekuwa kifo chake. Kwamba jibu lilikuwa zuri halifanyi uamuzi wa dimbwini kuwa mzuri.

Hukumu yangu

Mwalimu anashikilia kwamba kosa ni mvua ya mawe. Dereva anasema kosa ni kuchelewa asubuhi. Wote wana sehemu ya haki, na kama tungejadili usalama wa watu watatu tu, ningekubaliana na dereva. Lakini mvua isingenyesha, nao wakarudi saa 12:15 kama ilivyopangwa, bado binti angekaa saa nzima na zaidi akiwa anazidi, bila dawa na bila mjuzi, huku mwanga wa kumshushia ukiisha. Gharama ile ilikuwa imeshatozwa pale dimbwini.

Kwa hiyo nasema hivi, na nimewaambia wao pia: kundi lenye kiongozi mmoja hupanda kilele cha pili wote au halipandi. Kama mmoja anashuka, kiongozi anashuka naye, na Jackson kinasubiri. Wakitaka kugawanyika, wawe wameajiri viongozi wawili tangu Budadiri, na mfuko wa dawa uende na wagonjwa, si na wenye nguvu.

Najua jibu la mwalimu, kwa sababu alinipa kwa ukali kidogo. "Ndugu yangu, mimi nimetoka Bungoma, nimeomba ruhusa kazini, nimelipa hifadhi, nimelipa kiongozi. Nitarudi lini?" Hoja hii siipuuzi. Watu wetu hawapandi vilele viwili kwa siku moja kwa sababu ya majivuno, kama wengine wanavyodai. Wanapanda kwa sababu siku ya ziada ni pesa: ada ya hifadhi huhesabiwa kwa siku, kiongozi kwa siku, mpagazi kwa siku. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Naye kiongozi ana hesabu yake: mgeni aliyepata vilele viwili hutoa bakshishi nono na huleta rafiki zake, na mgeni aliyeambiwa "hapana" huenda akasema mzee huyu ni mvivu. "Muda upo" ilitoka kinywani mwa mtu ambaye riziki yake hutegemea kusema hivyo. Tukitaka viongozi waweze kutukatalia, tuwaahidi bakshishi jioni ya kuamkia kilele, bila kujali vilele vingapi vitafikiwa, na tuwaambie wazi.

Nimesikia pia mfano wa Rwenzori. Tarehe 18 Juni 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika Alexandra na Margherita siku moja, vilele viwili virefu kabisa vya Uganda, mita 5,091 na 5,109. Ni kweli, lakini vilele hivyo ni vya mlima mmoja na wakati ule viliungana kwa mgongo wa theluji, naye alikuwa na viongozi wa Alps waliozoea kazi hiyo, si mmoja kwa wote. Wengine hutaja Sabinyo kule Kisoro, ambako watu hupita vilele vitatu kwa siku moja kwa ngazi za mbao, hadi kile ambapo Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Huko kilele cha pili kiko kwenye njia ile ile ya kwanza. Anayechoka hugeuka, na wenzake watapita hapo hapo alipogeukia. Jackson ni tawi: ukiingia huko, umewaacha wenzako kwenye njia nyingine.

Mwalimu bado anakitaka kilele kile akiwa anakiona, bila ukungu. Wamekubaliana na kiongozi yule yule kwenda Desemba. Safari hii watalala Mude usiku wa ziada, na Jackson kitapewa siku yake: kuondoka saa 12 asubuhi, na popote watakapokuwa saa 6 mchana wanageuka. Kiongozi wa pili ni yule mpagazi kijana, ambaye tangu Januari amefundishwa kipimo cha mstari na matumizi ya dawa zilizo mfukoni. Gharama ya usiku wa ziada wanagawana, na karani ameshatoa sehemu yake. Binti amesema atakuja, kwa sharti kwamba jioni ya Mude kiongozi amuulize peke yake, nje ya pango, kabla ya kuwauliza wengine.